Kizibo Ambacho Hakikuyeyuka

Mara ya tatu Nora Cutforth alipofika kituo cha polisi cha Marlby kuomba ashtakiwe kwa kumuua mumewe, konstebo wa mapokezi alimpa kiti, chai na biskuti. Sajenti Winifred Grummitt alipotoka ofisini aliikuta biskuti juu ya kaunta, haijaguswa, chai imepoa, na mjane wa miaka sitini na minane amekaa wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno.

"Umeandika maelezo yake?" Winifred alimuuliza konstebo.

"Maelezo gani, Sajenti? Alikuwa analia. Nimemtuliza."

"Hakuja kutulizwa. Amekuja kusema neno. Amelisema mara tatu na kituo kizima hakina hata mstari mmoja."

"Bosi kasema hilo ni la hakimu anayechunguza vifo, Jumanne. Mzee kalipukiwa na kidude chake cha kuchezea, basi."

"Kidude cha kilo mia tatu," Winifred alisema. "Nipe funguo za gari."

Winifred alikuwa na karatasi ya ajali ile mfukoni, na kila alipoisoma iliongeza hasira yake. Ilikuwa ripoti ya ukurasa mmoja ya Chama cha Mafundi wa Mitambo Midogo cha Marlby. Ilisema kwamba Jumamosi ya tarehe 29 Agosti, 1987, kwenye sherehe ya kanisa, boila, lile tangi la kuchemshia maji, la trekta dogo la mvuke, robo ya ukubwa wa lile halisi, lilipasuka na kumuua aliyelitengeneza, Ambrose Cutforth. Sababu: maji yalipungua ndani ya boila. Aliyekuwa akitazama maji: mke wa marehemu. Kisha, chini kabisa, sentensi ya upole: *Hakuna wa kulaumiwa.* Saini ilikuwa ya Cyril Leake, mkaguzi wa maboila wa chama, jirani na rafiki wa marehemu.

Hakuna wa kulaumiwa, na Marlby nzima ilikuwa inajua ni nani. Walimpisha Nora kwenye foleni ya duka la nyama. Walimpelekea supu. Hakuna aliyemtazama machoni. Na Jumanne angesimama mbele ya hakimu, aape, aseme kwa kinywa chake kwamba ni yeye.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Walipofika nyumbani kwake, Nora alizivua glavu za Winifred mikononi mwake bila kuuliza, akazitandaza juu ya jiko zikauke.

"Mtu anayekuja kukamatwa hamkaushii polisi glavu," Winifred alisema.

"Mikono yako imekuwa ya bluu, mwanangu. Kaa hapo. Kisha uandike."

Winifred alikaa, akafungua daftari lake. "Haya. Siku ile. Anza mlipowasha moto."

"Saa nne asubuhi. Ambrose aliwasha. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama kioo kinachoonyesha maji ya boila. Alinitengenezea kigoda cha kusimamia, maana kioo kiko upande wa juu na mimi mfupi. Tuliendesha uwanjani saa nzima, watu wakishangilia. Halafu kasisi akaanza hotuba, tukasimama."

"Mlisimama kwa muda gani?"

"Kasisi wetu unamjua wewe. Nusu saa, zaidi."

"Na maji?"

"Nusu ya kioo. Sikuondoa macho." Nora alishika ukingo wa meza. "Hivyo ndivyo nilivyodhani. Cyril alinieleza baadaye, pole pole, kwamba kioo kinaweza kuziba na kudanganya. Ukiona nusu, kumbe ndani pakavu. Anasema hata fundi mzoefu anaweza kudanganyika, sembuse mimi."

"Alikueleza lini?"

"Siku ile ile, jioni jioni. Aliniletea mkate wa zabibu wa mkewe. Amenikatia ua, amenifagilia karakana, akalichukua lile trekta kwake nisilione kila nikifungua dirisha. Sijui ningefanyaje bila Cyril."

Winifred aliandika: *amefagia karakana.* Akaandika chini yake: *amechukua trekta.* Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

"Dakika ya mwisho, Bi Cutforth. Ambrose alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amelipa trekta mgongo, anaongea na watu. Akageuka. Akatazama geji, ile saa ya kupimia presha. Akaniambia, 'Nora, nenda kaniletee chai.' Nikashuka kigodani nikaenda." Aligusa daftari la Winifred kwa kidole. "Niliacha kioo changu, Sajenti. Sikufika hata kwenye hema la chai. Andika. Niliacha zamu yangu."

Winifred aliandika yote, neno kwa neno, akamsomea. Kisha akaomba ufunguo wa karakana.

Kilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Mashine ya kukereza vyuma ilikuwa chini ya dirisha, jiriwa ya kubania vyuma mwisho wa meza, tupa zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Ambrose alikuwa fundi wa mashine za shamba kwa miaka arobaini, na alipostaafu alitumia miaka kumi na mmoja humu ndani kulitengeneza lile trekta, magurudumu, gia, boila, kila skrubu. Ukutani palikuwa na koleo dogo la makaa lenye mpini uliochongwa kutosha mkono mdogo wa mwanamke.

Sakafu ilikuwa safi kupita kiasi. Karakana ya fundi huwa na vumbi la chuma pembeni, vipande chini ya meza, kitambaa chenye mafuta. Hapa hapakuwa na hata msumari.

*

Cyril Leake alikuwa na gereji ya matofali nyumba nne kutoka pale. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitano hivi, mnene, mwenye uso wa ukarimu, na alimkaribisha Winifred kana kwamba alikuwa anamtarajia kwa chakula cha mchana.

"Nimekuja kuchukua lile trekta," Winifred alisema. "Nina watu wawili na lori."

"Ulichukue ukalifanyie nini, bibie? Ripoti nimeshaandika."

"Nimeisoma."

"Basi unajua. Haya si mambo ya alama za vidole. Ni boila. Linahitaji mtu anayejua boila."

"Nimepata mmoja."

Cyril alicheka kidogo. "Unamtesa yule mwanamke bure. Nimetumia wiki nne kumtuliza. Mwache apumzike."

"Amedai kwamba ameua mtu, Bwana Leake, na dai likiletwa kituoni huchunguzwa. Ningefanya hivyo hata kwako."

Winifred alifunua turubai, akalitazama trekta kwa muda. Ubavu mmoja wa chumba cha moto ulikuwa umechanika na kukunjika ndani kama kopo lililokanyagwa. Masizi na matope meupe ya chokaa yalikuwa yamerukia kila mahali, bomba la moshi, magurudumu, kiti. Yalikuwa yamekauka na kuganda. Aligusa vali za usalama, zile zinazotoa mvuke ukizidi, juu ya boila. Zilikuwa mbili kwenye kiti kimoja cha chuma, zimefungwa kwa waya mwembamba na muhuri mdogo wa madini ya risasi wenye namba 7.

"Namba saba ni nani?"

"Ni mimi. Kila mkaguzi ana koleo lake la kupiga muhuri. Likishafungwa, hakuna anayeruhusiwa kugusa vali hizo, hata mwenye boila. Ni sheria ya chama."

"Sheria nzuri," Winifred alisema, akapiga picha ya muhuri mara sita.

*

Horace Dring alikuwa na miaka sabini na tisa na sikio moja lililokufa kwa miaka hamsini ya kugonga maboila ya reli. Alilifanyia kazi trekta nyuma ya kituo, kwenye banda la pikipiki, na kabla ya kuanza alitandaza gunia safi sakafuni ili Sajenti asisimame kwenye maji.

"Hiki chama cha kina Leake," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "walipoandika maji yalipungua, walitazama kizibo?"

"Kizibo gani?"

Mzee alitazama dari, kana kwamba anaomba subira. "Hawajatazama."

"Ripoti haina neno kizibo."

"Sikiliza. Juu ya chumba cha moto kuna paa la chuma. Chini yake moto, juu yake maji. Maji yakiwepo, paa halichomeki. Maji yakiisha, paa linaiva na boila linapasuka. Sasa, kila boila la namna hii lina kizibo kilichotiwa katikati ya paa lile, na moyo wa kizibo ni risasi, yale madini laini. Maji yakishuka chini ya hapo, risasi inayeyuka, mvuke unashuka motoni na kuuzima. Hicho ndicho shahidi. Hakinywi pombe, hakiogopi mtu, hakina rafiki. Ni kitu cha kwanza kutazama. Mtoto wa fundi anajua."

"Kwa nini Leake asikitazame?"

"Kipo ndani, na chuma kimekikunjia. Lazima ukate. Au hutaki kukiona."

Alivaa miwani akakata. Ilimchukua karibu saa mbili. Cheche ziliruka, mvua ikagonga bati, na Winifred hakuondoka. Mwishowe Horace aliingiza mkono hadi kiwikoni, akafungua kitu kwa spana ndogo, akakifuta kwa shati lake mwenyewe, akakiweka kiganjani mwa Winifred.

Kilikuwa kizibo cha shaba kisichozidi ncha ya kidole gumba. Katikati yake, kijivu, laini, imejaa hadi ukingoni, ilikuwa risasi. Haikuwa na hata tone lililochuruzika.

"Maji yalikuwapo," Winifred alisema.

"Yalikuwapo hadi dakika ya mwisho. Na paa lenyewe halikubadilika rangi. Yule mama alikuwa anatazama maji ya kweli kwenye kioo cha kweli."

Winifred alikitia kizibo kwenye mfuko wa karatasi, akaandika saa na tarehe. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko kawaida. "Kama si maji, ni nini?"

"Presha ya mvuke. Ilipanda ikakosa pa kutokea. Lakini vali mbili hizi zingefunguka zenyewe mshale wa geji ukifika kwenye mstari mwekundu." Alizigonga kwa ukucha. "Njoo utazame waya wa muhuri. Kila kitu juu ya hili boila kimepakwa masizi na chokaa. Waya je?"

Winifred aliinama. Waya ulikuwa unang'aa. Aliusogeza kwa ncha ya kalamu. Masizi yalikuwa chini ya waya, yameganda, na waya umekaa juu yake.

"Umefungwa baada ya mlipuko."

"Umefungwa baada. Sasa nipe ruhusa nifungue."

Akampa ruhusa, akapiga picha tena, Horace akakata muhuri na kufungua kiti cha vali. Chini yake, pale kiti kinapokutana na boila, palikuwa na duara jembamba lililong'aa, jekundu jekundu, kama alama ya pete kwenye kidole.

"Shaba," Horace alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Palikuwa na kisahani cha shaba hapa. Ukilijaribu boila jipya kwa maji baridi, unalisukuma hadi presha mara mbili ya kazi yake. Vali zitafunguka kabla hujafika, kwa hiyo unaziba chini yake kwa kisahani. Mkaguzi anakiweka, mkaguzi anakitoa. Halafu siku nyingine anasimama na wewe unawasha moto, anaangalia vali zinapumua mbele ya macho yake. Ndipo anafunga muhuri na kusaini. Ni majaribio mawili. Hili halikufanyiwa la pili, Sajenti. Lingefanyiwa, kisahani kingejulikana dakika hiyo hiyo."

"Waliliendesha saa nzima bila shida."

"Likitembea linakunywa mvuke wake. Likisimama, na moto umekolea, presha inapanda. Kasisi alihubiri nusu saa, umesema."

"Mume alitazama geji, akamwambia mkewe aende kumletea chai."

Horace alivua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Hakutaka chai," alisema. "Hakuna fundi wa boila anayeomba chai huku mshale umepita mstari. Kule reli nilimwona mmoja, mwaka wa thelathini na nane, alimtuma mwenzake akalete kitambaa. Ukipiga kelele watu wanakimbilia kwako. Ukituma mtu, anaondoka akitembea."

*

Winifred alimweleza Nora akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa maneno mafupi kama anasoma shtaka. Kizibo. Maji. Vali. Kisha chai.

Nora hakulia. Alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena.

"Ambrose hakunywa chai akiwa na moto," alisema, akiwa ameelekea dirishani. "Miaka kumi na mmoja. Alisema mikono miwili ni michache tayari. Mbona sikukumbuka?"

"Ulikuwa umeambiwa kitu kingine, mara nyingi."

"Na mtu niliyemwamini."

"Bi Cutforth, mumeo aliandika popote alichofanya? Karakana imefagiliwa. Hamna hata karatasi."

"Yeye hakuandika. Mikono yake ilikuwa na mafuta kila saa. Alikuwa anafungua dirisha la karakana ananiita, mimi naandika hapa jikoni." Alivuta droo ya mkate. Chini ya vitambaa, kati ya daftari la mapishi na bili za makaa, palikuwa na daftari nene la kijani. "Sielewi nusu yake. Naandika anavyosema."

Hilo Cyril Leake hakulijua. Alifagia karakana ya fundi, asijue kwamba maneno yote ya karakana ile yalikuwa yanalala pamoja na mkate.

Winifred alifunua kurasa za Agosti. Mwandiko wa Nora ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa vizuri shule ya msingi na hakuhitaji zaidi.

*Ijumaa 14. Maji. Presha mara mbili, nusu saa. Hakuna tone. C. ameweka kisahani, atakitoa mwenyewe. Moto kesho.*

*Jumamosi 15. C. hakuja, anahukumu mashindano ya vitunguu. Ametumbukiza cheti mlangoni. A. hakufurahi.*

*Alhamisi 27. C. amepita, A. yuko kwa muuza makaa. Nimemfungulia. Dakika tano. Amefunga muhuri, anasema tayari.*

Winifred alitoa mfukoni nakala ya cheti cha boila. Jaribio la maji: tarehe 14. Jaribio la moto: tarehe 15. Saini moja, wino mmoja.

"Tarehe kumi na tano hapakuwa na moto," Nora alisema juu ya bega lake. "Nilianika shuka zote za nyumba siku ile. Kungekuwa na moto ningezitoa nyeusi." Aliweka kidole kwenye mstari wa tarehe 27. "Mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

"Ulifungua mlango kwa mkaguzi. Hilo si kosa."

"Najua si kosa. Nimechoka na makosa yasiyo yangu." Alivaa koti. "Twende."

"Wewe unabaki hapa."

"Nimekuja kituoni kwako mara tatu kwa miguu, mvuani, kujishtaki, na hakuna aliyenizuia. Hutanizuia leo."

Winifred alizichukua glavu zake juu ya jiko. Hakumzuia. "Utasimama nyuma yangu. Hutasema kitu."

"Nitajaribu."

*

Cyril alikuwa gerejini, anasaga kipande cha chuma kwa tupa. Alipomwona Nora, aliweka tupa chini, akatafuta kiti cha kumkalisha. Alikipata, akakipangusa kwa mkono. Nora alibaki amesimama.

"Cyril Leake," Winifred alisema, "si lazima useme chochote usichotaka, lakini utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Mambo gani haya tena, mbele ya mama wa watu?"

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Muhuri wa vali ulifungwa lini?"

"Alhamisi, kabla ya sherehe. Nora shahidi."

"Waya umekaa juu ya masizi ya mlipuko. Umefungwa tena baada, kwa koleo namba saba. Liko wapi?"

Macho yake yalikwenda kwenye ubao wa vifaa kabla hajayazuia. Winifred alilishusha lile koleo, akalitia kwenye mfuko wa karatasi.

"Mtu anaweza kuliiba," Cyril alisema.

"Gereji ina kufuli na ufunguo uko kwenye mshipi wako. Tarehe kumi na tano, ulishuhudia moto umewashwa kwa Cutforth?"

"Nilisaini."

"Sikuuliza saini. Ulikuwa wapi?"

Cyril alijipangusa mikono kwa suruali.

"Kwenye vitunguu," Nora alisema.

Winifred hakumgeukia. "Kizibo nimekitoa, Bwana Leake. Ni kizima. Wewe una miaka ishirini ya ukaguzi, na ukaandika maji yalipungua bila kukata kutazama. Kisahani kiko wapi?"

Cyril alikaa kwenye kile kiti alichompangusia Nora. Uso wake wa ukarimu ulibaki vile vile, ila sasa haukuwa na mtu ndani.

"Nilikitupa mtaroni," alisema. "Jioni ile ile. Nilifungua vali nikakikuta. Nilidhani nilishakitoa. Nilikuwa na haraka, Alhamisi ile, nilikuwa na mengine mawili ya kufunga, nikafikiri nilikitoa Jumamosi, na Jumamosi sikuja. Ambrose ndiye fundi bora niliyepata kumjua. Boila lake kulijaribu ilikuwa kama kumtukana. Wote tunafanya hivyo. Mtu unamjua mkono wake, unasaini majaribio yote mawili, mnakunywa chai."

"Ambrose hakufurahi," Winifred alisema. "Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Endelea."

"Chama kina watu sitini. Kingefungwa. Yeye keshakufa, Sajenti, hakuna kingemrudisha. Na Nora nani angemfunga? Mwanamke mzee, ajali. Niliandika hakuna wa kulaumiwa. Niliandika kwa makusudi." Sasa aliinua uso. "Na sikumtupa. Nora, sema mwenyewe. Kuna siku nimekutupa?"

"Hapana," Nora alisema. Alisogea mbele ya Winifred, na Winifred akamwacha. "Ua umekata. Mkate umeleta kila Ijumaa. Ulikaa jikoni kwangu wiki nne, Cyril, nikilia, nikikwambia nimemuua. Ulinishika mkono. Unakumbuka ulisema nini?"

"Nilisema usijilaumu. Kila mara."

"Kila mara. Usijilaumu, Nora." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hukusema sijamuua."

Nora alifunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Ulikuwa na neno moja la kunipa, na ulikuwa nalo mfukoni, ukaniletea mkate."

Mvua ilikuwa imepungua. Winifred alimaliza kuandika mstari wake, akaweka saa: saa tisa na dakika ishirini. Kisha akamwambia Cyril Leake asimame, na akamweleza kwamba anamkamata kwa kusababisha kifo cha Ambrose Cutforth kwa uzembe na kwa kuharibu ushahidi. Alisema kila neno polepole, kwa sauti ya kusikika barabarani, ambako majirani wawili walikuwa wamesimama na miavuli yao.

"Niruhusu nimwombe msamaha," Cyril alisema.

"Niombe Jumanne," Nora alijibu, "mbele ya watu, na uanze na ile karatasi yako." Alimgeukia Winifred. "Mwondoe, mwanangu. Mwondoe upesi. Mume wangu amekufa, na wiki nne zote hizi nimekuwa najililia mimi. Yeye sijamlilia bado."